Fizi na Baraka: Amri ya barakoa ilifika kabla ya barakoa yenyewe

Jumatatu tarehe 22 mwezi wa pili 2021, watoto wa Kongo walirudi masomoni. Walikuwa nyumbani tangu tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili, siku ambayo serikali ilifunga shule kwa mara ya pili kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19. Katika mji wa Baraka na katika vijiji vya Fizi, toka Swima mpaka Kazimia, wazazi walitafuta tena madaftari, kalamu na viatu. Safari ile kulikuwa na kitu kingine cha kutafuta: barakoa, au kashene kama wengi wetu tunavyoiita.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua mama anayeuza ndakala sokoni, mwenye watoto watano wanaosoma. Tuseme barakoa moja ya kitenge inauzwa franka 1,000. Kila mtoto anahitaji mbili, moja ya kuvaa na ingine ya kufua. Jumla ni franka 10,000, karibu dola 5 kwa wakati ule. Kwa mama huyo, hiyo ni pesa ya unga, sombe na mafuta ya siku kadhaa. Na ni mama huyo huyo aliyeambiwa tangu mwezi wa tisa 2019 kwamba masomo ya shule ya msingi ni ya bure.

Mtoto wake akifika mlangoni mwa shule bila barakoa, mwalimu afanye nini? Amrudishe nyumbani au amwingize darasani? Mwaka mzima watu wa Fizi na Baraka walikuwa wamebishana juu ya kitambaa hiki sokoni, kanisani, msikitini, kwenye boti na kwenye pikipiki. Hapo mabishano yalifika mlangoni mwa shule, na safari ile wa kulipa alikuwa mtoto.

Mwaka wa amri nyingi

Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 katika nchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Siku tisa baadaye shule zilifungwa. Tarehe 24, Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura ya kiafya, mipaka ikafungwa na Kinshasa ikatengwa na majimbo mengine. Mwisho wa mwezi huo huo, Bukavu ilipata wagonjwa wake wa kwanza. Hapo jambo lililosikika kama habari ya mbali likawa jambo la jimbo letu la Kivu Kusini.

Kinshasa ndiko amri ya barakoa ilikoanza kwa nguvu. Gavana Gentiny Ngobila aliamuru kila mtu aivae kuanzia tarehe 20 mwezi wa nne, na asiyeivaa alipe franka 5,000, karibu dola 3 kwa wakati ule. Amri za namna hiyo zilifuata katika majimbo mengine.

Huku kwetu siku zile zilikuwa na msiba mwingine. Usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne 2020, mvua kubwa iliiangukia Uvira, mito ikafurika, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Familia zilizookoka zilijazana katika madarasa, makanisa na nyumba za ndugu. Watu hao hao ndio waliokuwa wanasikia redioni kwamba kila mtu akae mbali na mwenzake, anawe mikono mara kwa mara na avae barakoa. Mtu aliyepoteza nyumba, nguo na vyombo kwa usiku mmoja alikuwa anaambiwa akanunue kitambaa cha mdomo.

Hali ya dharura iliisha tarehe 21 mwezi wa saba. Shule zilifunguliwa mwezi wa nane kwa ajili ya wanafunzi wa madarasa ya mwisho tu, na wengine walingoja mpaka tarehe 12 mwezi wa kumi, mwaka mpya wa masomo ulipoanza. Halafu likaja wimbi la pili. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili serikali ilikataza watu kutembea toka saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, ikafunga shule, ikazuia sherehe na matanga, na ikakumbusha kwamba barakoa ni lazima mahali pa watu wengi.

Sasa tuhesabu upande wa mtoto. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi, toka mwezi wa tatu 2020 mpaka wiki ile ya mwezi wa pili 2021, alikuwa amesoma majuma kumi hivi tu. Katika Fizi, ambako vita na kukimbia vimeshakula miaka mingi ya masomo, majuma hayo yalikuwa machache mno. Kumrudisha nyumbani wakati huo kwa kukosa kashene kulikuwa kumwongezea hasara juu ya hasara.

Kwa nini wengi hawakuivaa

Wakubwa wengi waliposikia kwamba raia wa Fizi hawavai barakoa, walisema ni ujinga. Mtu aliyekaa na kusikiliza alikuta kwamba sababu nyingi zina mizizi.

Ya kwanza ni kwamba wengi walikuwa hawajauona ugonjwa. Mpaka mwezi wa pili 2021 nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 80, ilikuwa imetangaza wagonjwa takriban 25,000 na vifo karibu 700. Mwaka wa 2019 surua peke yake iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi hii, wengi wao watoto wadogo, na hakuna mpaka uliofungwa wala polisi aliyetumwa barabarani. Malaria inaua kila siku. Kolera haijawahi kutuacha huku kandokando ya ziwa. Mzazi aliyezika mtoto wa surua akiuliza kwa nini kelele hizi zote ni kwa ajili ya ugonjwa ambao hajamwona mgonjwa wake hata mmoja, swali lake linastahili jibu. Kumcheka si jibu.

Sababu ya pili ni maneno yaliyobadilika. Katika miezi ya kwanza Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilisema kwamba barakoa ni kwa ajili ya wagonjwa na wanaowahudumia. Tarehe 5 mwezi wa sita 2020 lilibadilisha shauri lake, likasema barakoa ya kitambaa, ya tabaka tatu, inafaa kwa kila mtu mahali ambapo ugonjwa unaenea na watu hawawezi kuachiana nafasi. Kwa wanasayansi, kubadilisha shauri baada ya kujua zaidi ni kazi yao ya kila siku. Kwa msikilizaji wa redio, mtu aliyesema hivi jana na vile leo ni mtu wa kushukiwa. Hakuna aliyekuja kueleza mabadiliko hayo kijiji kwa kijiji.

Ya tatu ni chanjo. Mwanzoni mwa mwezi wa nne 2020, Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa anaongoza riposti ya taifa, alisema kwamba Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo. Hasira ikawaka nchi nzima, ikasemwa kwamba Wakongo watageuzwa panya wa majaribio. Profesa alirudi kueleza kwamba hakuna chanjo itakayojaribiwa hapa kabla ya kujaribiwa kwingine. Lakini neno la kwanza lilikwisha kupanda boti na pikipiki, na maelezo hayakuweza kulifikia tena. Tangu siku hiyo, kila kitu kilichoitwa kinga kilitazamwa kwa jicho la wasiwasi, hata kipande cha kitambaa.

Ya nne ni pesa. Katikati ya mwaka huo huo, makamu waziri wa afya, Albert M'Peti Biyombo, alimwandikia waziri mkuu barua ya kulalamika juu ya namna pesa za riposti zilivyokuwa zinatumiwa. Barua hiyo ilienea. Raia aliyekuwa anaambiwa alipe faini kwa kukosa barakoa ya franka 1,000 akasikia toka ndani ya wizara yenyewe kwamba pesa za ugonjwa zina wenyewe.

Na kuna sababu ambayo mtu wa Kinshasa hawezi kuiona upesi. Katika Fizi, uso uliofunikwa haukuwahi kuwa jambo dogo. Mahali ambapo watu wenye silaha wanaweza kutokea porini wakati wowote, mtu anataka kuona sura ya anayekuja mbele yake. Kumwambia mwanakijiji kwamba sasa kila mtu afunike nusu ya uso ni kumwondolea njia mojawapo ya kujua ni nani rafiki na ni nani wa kukimbia.

Kwa nini inafaa kuvaliwa

Hata hivyo wanaotetea barakoa wana haki, na hoja yao inatugusa sisi kuliko wengi.

Ugonjwa huu unapita katika matone madogo yanayotoka mdomoni na puani mtu anaposema, anapoimba, anapokohoa. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kuwa nao bila kusikia lolote mwilini na akaupitisha kwa mwingine. Kijana mwenye nguvu anaweza kuupata sokoni Jumamosi, akaupeleka kanisani Jumapili, na Jumatatu bibi yake mwenye ugonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu akawa ndiye anayeulipia. Ile barakoa ya kitambaa kwanza inamlinda mwenzako dhidi yako. Ndiyo maana haifai kitu kama ni mtu mmoja tu kati ya mia anayeivaa.

Njia iliyo bora zaidi ni watu kuachiana nafasi. Lakini nani anaweza kuachiana nafasi huku? Boti ya kwenda Kalemie au Uvira inajaa mpaka pembeni. Pikipiki inabeba watu watatu. Katika kambi ya Lusenda na kule Mulongwe, wakimbizi wa Burundi wanaishi nyumba karibu na nyumba. Familia zilizokimbia vita vya milima ya juu, upande wa Minembwe na Itombwe, zinapokelewa na ndugu, watu kumi na tano katika vyumba viwili. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure, madarasa yamejaa kuliko zamani.

Mtu mwenye gari lake na nyumba yenye ua anaweza kujikinga bila barakoa. Mama wa sokoni hawezi. Kwa hiyo hoja ya umaskini inakata pande mbili: maskini ndiye anayeshindwa kununua barakoa, na ndiye anayeihitaji zaidi, kwa sababu hana kinga nyingine.

Tena hospitali ziko mbali. Toka Baraka mpaka Bukavu ni zaidi ya kilometa 200 za barabara ambayo kila msimu wa mvua inaharibika. Mwenye kukosa pumzi hawezi kungoja daraja litengenezwe. Mahali ambapo ni vigumu kutibu, kinga ndiyo dawa ya kwanza.

Hata Bukavu kwenyewe mambo hayakuwa mepesi. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018, alikubali kuongoza tume ya afya ya jimbo katika riposti. Tarehe 10 mwezi wa sita 2020 alijiuzulu. Alilalamika kwamba majibu ya vipimo yanachukua zaidi ya majuma mawili kurudi toka Kinshasa, na pia kwamba raia wamelegeza kinga na wengine wanakataa kwamba ugonjwa upo. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Mtu akikohoa leo, akapimwa, akapona au akafa, na jibu likaja baada ya majuma mawili, jirani zake watasadiki nini? Ugonjwa usio na majibu ya haraka unabaki kuwa uvumi.

Ng'ambo ya ziwa kuna mashauri mengine

Baraka ni mji wa ziwa. Tunasikiliza redio za Kigoma na za Bujumbura kama tunavyosikiliza zetu. Maelfu ya ndugu zetu wako katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, tangu vita vya 1996. Kwa hiyo mabishano ya barakoa huku hayakuongozwa na Kinshasa peke yake.

Tanzania iliacha kutangaza hesabu ya wagonjwa mwisho wa mwezi wa nne 2020, ikiwa na 509. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli alisema kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa kupimwa na zikaonyesha ugonjwa. Watu walicheka, na wengi wakasadiki kwamba vipimo vyote ni uongo. Mtu aliyetoka Kigoma alifika na habari kwamba kule hakuna anayevaa barakoa na watu wanaishi. Kwa mtu wa Baraka aliyekuwa anatishwa kwa faini, hiyo ilikuwa hoja nzito kuliko tangazo lolote.

Lakini mambo yaligeuka mwanzoni mwa 2021. Seif Sharif Hamad, makamu wa kwanza wa rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba ana Covid-19, alifariki tarehe 17 mwezi wa pili 2021. Siku nne baadaye Rais Magufuli mwenyewe, akiwa kanisani Dar es Salaam, alisema kwamba hakuwahi kukataza barakoa, ila anataka watu watumie zile zinazotengenezwa nchini mwao. Yule ambaye wengi wetu tulimfanya shahidi wa kutovaa naye alisema hakatazi.

Burundi nayo ilipita njia yake. Mwezi wa tano 2020 ilifanya uchaguzi na mikutano mikubwa huku ikiwafukuza wakubwa wa OMS nchini. Rais Pierre Nkurunziza alifariki tarehe 8 mwezi wa sita. Aliyemfuata, Évariste Ndayishimiye, kabla mwezi huo haujaisha aliita corona adui mkubwa wa Warundi, na papo hapo akatangaza kwamba bei ya sabuni itapunguzwa nusu. Tarehe 11 mwezi wa kwanza 2021, Burundi ilifunga tena mipaka yake ya nchi kavu na ya ziwa, na wafanyabiashara wa Baraka na Uvira waliijua hasara yake.

Tuangalie hapo kwenye sabuni. Rais alipotaka watu wanawe mikono, aligusa kwanza bei ya kitu cha kunawia. Raia aliona amri na msaada vikija siku moja.

Faini inapofanana na baryeri

Huku kwetu, amri ilikuja na faini. Ili kuelewa jinsi watu walivyoipokea, ni lazima kukumbuka barabara zetu zilivyo. Mwaka wa 2017 shirika la utafiti la IPIS la Ubelgiji lilihesabu karibu baryeri 800 katika Kivu zote mbili, ambapo msafiri analipa kitu ili apite. Askari, watu wa kodi, vikundi vya silaha, kila mmoja na kamba yake. Mmotari wa Fizi na mama wa ndakala wamejifunza kwa miaka mingi kwamba mtu mwenye sare akikusimamisha, anatafuta sababu ya kukuomba pesa.

Ukiingiza amri ya barakoa katika barabara ya namna hiyo, raia ataisoma kama anavyosoma baryeri ingine. Atabeba kashene moja chafu mfukoni, ataivaa anapoona askari, ataiteremsha kidevuni akishapita. Pengine ataazima ya mwenzake ili avuke, na kwa kufanya hivyo atapitisha matone ambayo barakoa ilitakiwa kuyazuia. Anajikinga na faini, na ugonjwa unabaki palepale. Hapo amri imemfundisha kukwepa askari, na haijamfundisha kumlinda bibi yake.

Tuliona jambo hilo hilo kwa ubaya zaidi wakati wa Ebola. Ugonjwa ule uliingia Kivu Kaskazini na Ituri mwaka wa 2018, ukafika mpaka Mwenga, jirani zetu, mwezi wa nane 2019, na ulipotangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Katika eneo la Butembo vituo vya matibabu vilishambuliwa, na mwezi wa nne 2019 Daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa. Raia walipoona riposti inakuja na magari makubwa na watu wenye silaha, wengi walijificha pamoja na wagonjwa wao. Ilipowekwa mikononi mwa watu wa mahali, wanaojulikana kwa majina, milango ilianza kufunguka. Ebola ilitangazwa tena upande wa Butembo tarehe 7 mwezi wa pili 2021, kwa hiyo somo hilo lilituhusu wakati huo pia.

Kolera ilitufundisha njia

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mzuri. Kolera inajulikana Baraka kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote. Miaka mingi maji ya ziwa yameileta, na miaka mingi watu wa ziwa wamejifunza kupambana nayo. Njia mojawapo ni ile ya klorini: pale watu wanapochota maji, mtu anakaa na dawa na bomba lake la sindano, mama anafika na bidoni, anatiliwa klorini kwa kipimo, anangoja kidogo, anakwenda zake. Halipi kitu. Hatozwi faini kwa kuchota ziwani. Haambiwi aende kununua klorini kwanza.

Hata klorini ilikuwa na maneno yake. Wapo waliosema harufu ni mbaya, wapo waliosema itawafanya wagumba. Lakini mtu wa klorini alikuwa pale kila asubuhi, jirani anayejulikana, na alikuwa na subira ya kujibu. Na watu waliona kwa macho: nyumba zinazotumia maji yenye dawa zinaugua kidogo.

Linganisha na barakoa. Amri ilikuja kwa redio, kitu chenyewe hakikuja. Hakuna aliyekaa sokoni akigawa, akionyesha namna ya kuvaa mpaka juu ya pua, akisema ifuliwe kila jioni kwa sabuni na ianikwe juani. Aliyekuja alikuja na faini.

Mlangoni mwa shule

Turudi kwa yule mama wa ndakala na watoto wake watano. Mabishano ya mwaka ule mzima yalitupatia majibu, kama tulitaka kuyasikia.

Mtoto asirudishwe nyumbani. Shule inaweza kuwa na akiba ya barakoa, na anayekosa apewe, kama anavyoazimwa kalamu. Ikiwa barakoa itakuwa sharti la kuingia darasani na mzazi ndiye wa kuinunua, basi itakuwa pesa ya shule iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Tunajua wanaofukuzwa kwanza ni akina nani: watoto wa waliokimbia vita, mayatima, na wasichana katika nyumba ambamo pesa haitoshi wote.

Barakoa zishonwe hapa. Baraka ina mafundi wa cherehani katika kila soko, na mabaki ya vitenge hayakosekani. Katika kambi ya Kakuma kule Kenya, mkimbizi Mkongo, fundi wa kushona, alianza mwaka wa 2020 kushona barakoa na kuwagawia wakimbizi wenzake na wafanyakazi wa kambi. Kama fundi mmoja aliye ukimbizini aliweza, mafundi wa soko la Baraka wanaweza, mradi kamati ya wazazi, shule, makanisa na misikiti, pamoja na mashirika yaliyo hapa, waweke oda na walipe kazi.

Maji yatangulie. Barakoa bila ndoo ya maji na sabuni mlangoni ni nusu ya kinga. Na katika mji wa kolera, ndoo hiyo inalinda mtoto mara mbili.

Wakubwa waanze. Mtoto akimwona mwalimu, mchungaji, shehe na mkubwa wa mji wamevaa vizuri, ataiga. Akiona mkubwa anakuja na msafara, uso wazi, kuwahimiza raia wavae, ataiga pia.

Na pesa za faini ziachwe. Askari akimkuta mtu hana barakoa, amwelekeze mahali pa kuipata. Gharama ya kumpa mtu kitambaa ni ndogo kuliko gharama ya kumfanya achukie neno la afya kwa miaka kumi ijayo. Kwa sababu corona haitakuwa ugonjwa wa mwisho. Surua itarudi, kolera iko palepale ziwani, na hata chanjo watu walishaanza kuiogopa kabla haijafika. Kila mara tutahitaji raia wasadiki neno la muuguzi. Imani hiyo ikimalizwa leo kwa faini ya franka 5,000, kesho haitauzwa katika soko lolote.

Asubuhi za mwezi ule wa pili 2021 watoto walipita barabarani na sare zao, weupe na buluu, wengine na kashene usoni, wengine nayo kidevuni, wengine bila. Wote walikwenda masomoni baada ya mwaka uliopotea. Walistahili kupokelewa wote, na asiye na barakoa kuikuta imewekwa kwa ajili yake karibu na ndoo ya maji.